Mama mkwe ana dawa moja ya kahawia kwa kila kitu, na sasa anampaka kichanga wangu

BARUA

Shikamoo mshauri.

Naandika nikiwa ndani ya arobaini, na naomba jina langu lisitajwe kwa sababu ukweni wanasoma safu hii. Kwetu ni Njombe, nimeolewa Muheza. Huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa mimba ikiwa na wiki 35, kilo 2.3, kwa njia ya kawaida, ila nilichanika nikashonwa. Sasa yuko wiki ya tatu.

Tunaishi nyumba moja na wakwe zangu. Mama mkwe alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji kwa miaka mingi, na mpaka leo mtu akiumia anapitia barazani kwake kwanza. Bodaboda wakianguka, watoto wakijikata na chupa, wote kwake. Dawa yake ni povidoni ayodini ya 10%, ile ya kahawia ambayo wengi huiita Betadine. Ananunua chupa ya nusu lita. Siwezi kumsema vibaya: nilipojikata kidole nikiwa mjamzito ni yeye aliyenifunga, na kilipona bila usaha.

Shida imeanza baada ya kujifungua. Asubuhi, mchana na usiku analowanisha gozi kwa ayodini, anaiweka kwenye kitovu cha mtoto, anafunga kwa kitambaa, halafu juu anavalisha nepi ya plastiki. Kitovu kimeshadondoka, lakini pale ndani bado pana unyevu, na yeye anasema ndiyo kwanza panahitaji dawa. Mimi ananiandalia beseni la maji ya moto, anamimina vifuniko vitatu, nakaa humo mara mbili kwa siku. Nilipoanza kukohoa akanipa ya kusukutua, ameichanganya kwa kukisia.

Nikiwa mjamzito mkunga alinipapasa shingo akasema nina rovu ndogo, nisitumie dawa yoyote yenye ayodini bila kuuliza. Nilimweleza mama mkwe. Akasema, “Mwanangu, ayodini ndiyo hiyo hiyo wanayotia kwenye chumvi kuzuia rovu. Itakusaidia.” Nikasema basi mtoto ni mdogo mno. Akajibu kwamba kuna hospitali watoto wanatiwa ayodini machoni siku ile ile wanayozaliwa. Nikakosa la kusema.

Baba mkwe ana kisukari. Ana kidonda kwenye unyayo, chini ya dole gumba, na kimekaa miezi sasa. Kila siku anamwagiwa haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu, kisha ayodini. Hakimuumi, kwa hiyo anatembea nacho hadi shambani. Juzi juzi mama mkwe alimpaka pia mtoto wa jirani aliyeng'atwa mguuni na mbwa asiyejulikana ni wa nani, akamfunga vizuri na kumrudisha kwao. Shemeji yangu mdogo peke yake ndiye hapakwi, kwa sababu akila kamba anavimba midomo, na wanasema mwenye aleji ya kamba hagusi ayodini.

Mume wangu anafanya kazi Tanga mjini, anarudi mwisho wa wiki. Nikimwambia, anasema mama amelea watoto wote kwa dawa hiyo, nisimchokoze. Dada yangu naye amenitumia ujumbe kwamba ayodini ni sumu, inaua nyama mpya, tuitupe. Nimefikiria kuimwaga niweke chai ya rangi kwenye chupa, maana rangi zinafanana. Nimefikiria pia kwenda kwa mama Njombe kumalizia arobaini, lakini najua nikitoka kabla ya siku kutimia nitaonekana nimewadharau.

Je, hii ni dawa au ni sumu? Na nimwambieje mama yule bila kumvunjia heshima?

Mkamwana, Muheza


JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Kabla ya kitovu na kabla ya mama mkwe, naanza na mtoto wa jirani, maana sentensi ile uliipitia haraka na yenyewe ndiyo isiyosubiri. Aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana anatakiwa kuoshwa jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha ayodini ni sawa kabisa kupakwa, kisha aende kuchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ayodini inaua virusi inavyovifikia juu ya jeraha. Ambavyo vimeshaingia ndani ya nyama haivifikii, na ugonjwa huu dalili zikishaanza karibu kila mara ni kifo. Siku chache au hata wiki kadhaa kupita si sababu ya kuacha chanjo. Mbwa akiwa anajulikana, na siku 10 baada ya kung'ata bado yu hai na mzima, hapo daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki, lakini huyu hajulikani. Mtume mtu kwa mama wa mtoto leo hii, waende hospitali, waulize na kuhusu sindano ya pepopunda.

Sasa tuje kwako. Ninavyokuelewa, umekaa katikati ya watu wawili wanaokupenda. Mmoja anasema dawa hii inafaa kila mahali, mwingine anasema haifai popote. Na wewe umeanza kuamini kwamba ni lazima uchague upande. Naona wote wawili wanazungumzia chupa, wakati majibu yanategemea zaidi ni ngozi ya nani, mahali gani, kiasi gani na kwa muda gani.

Ujumbe wa dada yako una chembe ya ukweli tu. Povidoni ayodini ya 10% imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ayodini humo imefungwa kwenye povidoni, ambayo huiachia kidogo kidogo, ndiyo maana haichomi kama ile tinkcha ya zamani yenye spiriti. Inaua bakteria, fangasi na virusi vingi. Kwa jeraha jipya inafanya kazi nzuri ikitumika hivi: osha mikono, bana jeraha kwa kitambaa safi hadi damu isimame, suuza mchanga na uchafu kwa maji safi, paka tabaka jembamba kuanzia katikati kwenda nje, subiri kama dakika 2 ikauke, funga kwa gozi kavu. Hatua ya kusuuza ndiyo watu wanairuka. Damu, usaha na nyama iliyokufa huimaliza ayodini kabla haijawafikia vijidudu. Ukiona rangi ya kahawia inafifia kuwa njano hafifu juu ya kidonda, ujue imeshatumika yote. Baada ya siku mbili tatu, jeraha likiwa safi halihitaji tena dawa. Linahitaji gozi safi. Hapo ndipo maneno ya nyama mpya yana maana, kwa sababu dawa inayoua vijidudu haibagui sana, na ikimwagwa kila siku kwa wiki nyingi inasumbua hata seli zinazojenga ngozi. Kidole chako kilipona kwa sababu mama mkwe alikisafisha vizuri, akakipaka kikiwa kibichi, kisha akaacha.

Hoja yake ya chumvi ni nzuri, na nataka uielewe vizuri ili usimjibu kwa hasira. Ni kweli, ni madini yale yale. Wewe unayetoka Njombe unajua jinsi rovu ilivyokuwa ya kawaida nyanda za juu kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea. Tofauti iko kwenye kipimo. Mama anayenyonyesha anahitaji maikrogramu 250 za ayodini kwa siku, mtoto mchanga 90. Mililita 1 tu ya dawa ile ya 10% ina kama maikrogramu 10,000. Ukitaka kuipata kwenye chumvi iliyotiwa miligramu 40 kwa kilo, itabidi ule robo kilo ya chumvi. Ngozi nzima ya mtu mzima hupitisha sehemu ndogo sana, kwa hiyo kidole kilichokatwa hakina neno. Lakini kitovu ambacho hakijafunga ngozi, kikalowekwa mara tatu kwa siku, kikafunikwa kitambaa na plastiki juu, ni mlango ulio wazi.

Ayodini ikiingia nyingi ghafla, tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, huacha kutengeneza homoni kwa muda. Hali hiyo ilielezwa na watafiti Wolff na Chaikoff mwaka 1948. Mtu mzima mwenye tezi nzima hurudi katika hali yake baada ya siku chache hata kama ayodini inaendelea kuingia. Kichanga, na hasa aliyezaliwa kabla ya wakati kama wako, tezi yake bado haijaweza kujirudisha vizuri hivyo. Ikilala muda mrefu, ubongo unaokua unakosa homoni unayoihitaji sana miezi hii ya mwanzo. Sikuambii hivi ili uogope usiku. Watoto wengi waliopata hali hii hurudi sawa ayodini ikiachwa, na wachache huhitaji dawa kwa kipindi. Ila njia pekee ya kujua ni kupima.

Kwa hiyo, kwenye kitovu, siwezi kukuficha ninavyoona: kiachwe kikavu kuanzia leo. Kioshwe kwa maji safi na sabuni ya mtoto pale kinapochafuka, kikaushwe kwa kitambaa laini, nepi ikunjwe chini yake ili hewa ipite, kisifungwe. Unyevu kidogo siku za mwanzo baada ya kudondoka ni kawaida, na kukiloweka kwa dawa kunakizuia kukauka. Kukibaki kinyama chekundu kinachotoa majimaji, muuguzi akione. Ngozi ya kuzunguka ikiwa nyekundu na wekundu unasambaa, pakitoka usaha au harufu mbaya, mtoto akiwa wa moto, wa baridi isivyo kawaida au akakataa kunyonya, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na wiki hii, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke mtoto ukaombe kipimo cha TSH pamoja na T4, homoni zinazoonyesha kama tezi hiyo inafanya kazi. Ni damu kidogo. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho, hivyo omba rufaa ya hospitali yenye maabara inayokipima. Dalili za tezi iliyolala huchelewa kuonekana: mtoto analala kupita kiasi, ananyonya kwa uvivu, choo kigumu, macho ya njano yasiyoisha, mwili legelege, sauti ya kukwaruza akilia. Kutoziona sasa hakutoshi kukutuliza. Beba na chupa yenyewe, na uandike kwenye karatasi imewekwa wapi, mara ngapi kwa siku na tangu lini. Bila karatasi hiyo daktari anaweza kupata namba za ajabu asijue zimetoka wapi.

Hoja ya macho ndiyo iliyokufunga mdomo, na mama mkwe hakukosea. Kwenye hospitali ya Kikuyu, Kenya, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, watoto wachanga wakitiwa machoni povidoni ayodini ya 2.5% kuzuia maambukizi yanayoweza kupofusha, na ilifanya kazi. Leo ni mojawapo ya dawa zinazokubalika kimataifa kwa kazi hiyo. Lakini angalia: ni tone, ni robo ya ukali wa chupa yenu, ni ya maji matupu isiyo na sabuni wala spiriti, na ni mara moja maishani. Naamini ukimweleza hivyo atakuelewa haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu wa zahanati anajua maana ya dozi.

Sasa wewe mwenyewe. Mshono wa chini unahitaji maji ya uvuguvugu matupu, dakika 10 hadi 15, kisha ukaushe taratibu na ubadilishe pedi mara kwa mara. Kukandwa na kukaa kwenye beseni kunaleta nafuu kwa sababu ya joto la maji. Ayodini humo haikuongezei kitu, na utando laini wa sehemu zile huinyonya upesi. Ikishaingia kwenye damu inakwenda kwenye maziwa, na matiti huikusanya, hivyo mtoto anaipata kwa njia ya pili. Kusukutua vivyo hivyo. Ipo ayodini ya kinywani, lakini ni ya 1% na hutemwa baada ya nusu dakika. Ya kukisia kutoka chupa ya 10% iache, na kikohozi kwa vyovyote hakitibiwi kwa kusukutua. Kwa sababu ya rovu, omba na wewe upimwe TSH. Tezi yenye vinundu ikijazwa ayodini inaweza kwenda upande wa pili, ikafanya kazi kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukonda. Mzazi mpya huyadhania kuwa ni uchovu wa kunyonyesha. Chumvi yenye madini joto endelea nayo kama kawaida. Mkunga alikuwa anakukataza dawa, hakukataza chumvi.

Baba mkwe ananitia wasiwasi karibu sawa na mtoto. Umeandika kwamba kidonda hakimuumi, kana kwamba ni nafuu. Kwa mwenye kisukari hilo ndilo la kutisha, maana mishipa ya fahamu ya mguu imekufa ganzi, na kila hatua ya kwenda shambani inakisaga kidonda upya. Vidonda vya namna hii havikai miezi kwa kukosa dawa ya kuua vijidudu. Vinakaa kwa sababu ya uzito unaokikanyaga, sukari iliyo juu, damu isiyofika vizuri mguuni, au mfupa ulioingiwa na usaha. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari haishauri ayodini ya kawaida kwa ajili ya kufunga kidonda cha aina hiyo, na haidrojeni peroksaidi ya kila siku inaunguza nyama changa. Kuna jambo jingine la kawaida sana ambalo watu hawalifikirii: rangi ya kahawia inaficha. Wekundu unaopanda, weusi unaoanza pembeni, ngozi iliyobadilika, vyote vinapotea chini ya doa la dawa. Kwa sasa kisafishwe kwa salaini, yaani maji ya chumvi ya duka la dawa, kifungwe gozi kavu, asikikanyage, na apelekwe kwenye kliniki ya kisukari wapime mzunguko wa damu na wapige picha ya mfupa. Mguu ukivimba, ukinuka, ukibadilika rangi, au akipata homa, ni siku hiyo hiyo. Akiwa na figo dhaifu, kama wengi wenye kisukari cha muda mrefu, ayodini inayonyonywa kidondani pia haitoki mwilini kwa urahisi.

Kuhusu shemeji na kamba, hofu hiyo imeenea pwani nzima na haina msingi. Kinachomvimbisha midomo ni protini ya kamba. Ayodini haihusiki. Anaweza kupakwa akijikata. Kama ngozi ya mtu yeyote ikiwasha na kutoa vipele pale palipopakwa, hapo ndipo aache.

Niseme na neno juu ya ile chupa ya nusu lita ya barazani. Ikikaa wazi, gozi likachovywa humo baada ya kugusa kidonda cha mtu, si salama hata kidogo. Watu hudhani dawa inayoua vijidudu haiwezi kubeba vijidudu, lakini mwaka 1980 huko Marekani ilikutwa bakteria hai ndani ya povidoni ayodini iliyotoka kiwandani. Chupa ndogo ni bora. Imiminwe kiasi kwenye kikombe safi, kinachobaki kimwagwe, na kifuniko kirudishwe. Isihamishiwe kwenye chupa ya soda, kwa sababu watoto wataiona ni kinywaji. Na kama kwenye kabati lake kuna ile dawa nyekundu ya zamani, merkurokromu, isikutane na ayodini kwenye kidonda kimoja. Ina zebaki, na zikichanganyika zinaunguza.

Sasa, mwanangu, lile wazo lako la chai ya rangi linanisumbua. Nimelielewa. Ni wazo la mtu aliyechoka na asiyeona pa kusemea. Lakini kesho atakuja kijana wa bodaboda ametoka damu, apakwe chai. Na siku mama mkwe akijua, na atajua maana ayodini ina harufu yake, hamtazungumza tena juu ya kitovu. Mtazungumza juu ya udanganyifu wako, na hapo haki yako yote itakuwa imepotea.

Nakuomba pia uangalie upya jambo moja unalolichukulia kama limeshathibitika, kwamba anapaka kwa sababu hakusikilizi. Enzi zake za kazi, kuweka dawa kwenye kitovu ndiko kulikofundishwa: ayodini, GV (ile dawa ya zambarau), spiriti. Pepopunda ya watoto wachanga ilikuwa inaua, na wahudumu kama yeye walipigana nayo kwa vitu hivyo. Ni mwishoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya ushahidi na kusisitiza usafi na ukavu, na maeneo fulani baadaye yakaongeza jeli ya klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu. Huenda hakuna aliyekaa naye chini akamweleza kwamba kazi yake ilibadilika baada ya yeye kustaafu. Ukienda kwake ukiwa na picha hiyo kichwani, sauti yako itakuwa nyingine.

Kumwambia mwenyewe ni njia iliyo karibu zaidi. Ichague saa ambayo hakuna mgonjwa barazani, kwa sababu mbele ya watu atalazimika kulinda jina lake. Waweza kusema: “Mama, nimeshauriwa kitovu kikae kikavu na mtoto apimwe damu kwa sababu ni njiti. Naomba twende wote, nawe usikie, maana mimi nasahau.” Ombi hili ni la kweli na linamwachia nafasi yake. Hatari yake ni kwamba anaweza kukubali mchana na usiku akaendelea. Kwa hiyo, vyovyote itakavyokuwa, jitwalie wewe kazi ya kumwogesha na kumvalisha mtoto. Hakuna mama mkwe atakayeshangaa mzazi akitaka kumwogesha mwanawe.

Muuguzi wa kliniki anaweza kubeba maneno ambayo ukiyabeba wewe yatakuwa mazito. Lakini muuguzi kijana akimkemea mwanamke wa umri ule mbele ya foleni ya akina mama, umeharibu. Tangulia wewe au mtume mtu, umweleze mapema kwamba anayekuja ni mtu wa kada yao, aongee naye pembeni, kama mwenzake.

Mume wako umemhesabu kuwa yuko upande wa mama yake. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba alichosikia wewe ukisema ni “mama yako anamdhuru mtoto”, na mwana yeyote angejibu alivyojibu. Mpe mambo mawili tu: mtoto ni njiti na anatakiwa kupimwa TSH wiki hii, baba yake ana kidonda kinachoweza kumkatisha mguu. La pili linaweza kumfungua masikio zaidi ya la kwanza, na ni wajibu wake kama mtoto wa kiume kulishughulikia. Hofu yangu ni simu. Akimpigia mama yake kumgombeza kutoka Tanga, atakayebaki nyumbani na hasira hizo ni wewe. Mwombe aje aongee ana kwa ana.

Na katika yote haya, mama mkwe asinyang'anywe kila kitu. Jicho lake lililozoea vidonda ndilo linalohitajika kuukagua mguu wa baba mkwe kila jioni, kati ya vidole, unyayo, kisigino, sasa ukiwa hauna doa la dawa. Majeraha mapya ya barazani bado ni yake, yakisuuzwa kwanza. Na aliyeng'atwa na mbwa, yeye ndiye atakayemfanya asiende nyumbani bali hospitali, kwa sababu watu wanamsikiliza.

Kuhusu Njombe, siwezi kukupimia mimi. Kwa mama yako utapumzika, na kitovu hakitaguswa. Kwa upande mwingine ni safari ndefu ya basi na mtoto njiti, baridi ya kule inamtaka afunikwe sana, ukweni watatafsiri wanavyojua, na mguu wa baba mkwe utabaki bila mtu anayeuliza. Kuna wanawake waliokwenda wakarudi na heshima yao, kwa sababu mume alilitangulizia jambo hilo mwenyewe kwa wazazi wake. Wapo pia waliobaki wakajuta, na waliobaki wakafurahi. Lizungumze na mume wako akiwa hapo nyumbani. Ukiamua kwenda, subiri kwanza majibu ya damu ya mtoto yatoke, kwa sababu TSH ikiwa juu hurudiwa baada ya muda mfupi, na ni rahisi zaidi kulinganisha namba zikitoka maabara ile ile.